Padre Reginald Foster na Kilatini ambacho amri haikuweza kukiokoa

Tarehe 22 Februari 1962, Papa Yohane XXIII alitia saini katiba ya kitume Veterum Sapientia ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Hati ile ilikuwa na meno. Iliagiza masomo makuu ya seminari kuu na vyuo vya kipapa yafundishwe kwa Kilatini, kwa vitabu vya Kilatini, na profesa asiyekimudu apishwe na mwenzake anayekimudu. Maaskofu na wakuu wa mashirika ya kitawa walionywa wawe macho, asije mtu aliye chini yao akaandika kupinga matumizi ya Kilatini darasani au kwenye ibada.

Haikupita hata miezi minane, Mtaguso wa Pili wa Vatican ukafunguliwa. Maaskofu zaidi ya 2,000 kutoka kila pembe ya dunia waliketi ukumbini, akiwemo Kardinali Laurean Rugambwa wa kwetu Bukoba, na hotuba zikaanza kutolewa kwa Kilatini. Wengi hawakufuata kinachosemwa. Kardinali Cushing wa Boston alijitolea kulipia mitambo ya ukalimani. Patriaki Maximos IV wa Wamelkiti, Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki, alikataa katakata, akazungumza Kifaransa. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ukapitisha katiba ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za wenyeji, na kabla muongo haujaisha Misa ilikuwa imeshazoea Kiswahili, Kiganda, Kifaransa na nyinginezo. Veterum Sapientia haikufutwa na mtu. Ilisahaulika tu.

Mwaka huohuo wa 1962, kijana mmoja wa Shirika la Wakarmeli Peku aliwasili Roma kuendelea na masomo, akitokea Milwaukee, Marekani. Hakuwa na cheo wala mhuri. Baba yake alikuwa fundi bomba. Alipofariki dunia siku ya Krismasi ya 2020, akiwa na miaka 81, walimu wa Kilatini kwenye vyuo na shule za pande zote mbili za Atlantiki walimlilia kama mzazi. Jina lake Reginald Foster, na wanafunzi walimwita Reginaldus. Naandika habari zake kwa sababu naamini maisha yake yanajibu swali ambalo katiba ya 1962 haikuweza kulijibu: lugha ambayo hakuna mama anayemwimbia nayo mtoto wake inaendeleaje kuwa hai?

Foster alizaliwa tarehe 14 Novemba 1939. Aliingia seminari ndogo akiwa na miaka 13, akakutana na Kilatini huko, na hakukiacha tena. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba tangu utoto alitaka mambo matatu tu: upadre, ualimu na Kilatini. Mwaka 1969, katika utawala wa Papa Paulo VI, aliitwa kufanya kazi katika kitengo cha barua za Kilatini cha Sekretarieti ya Vatican. Alikaa hapo miaka 40, chini ya Mapapa wanne.

Kazi ya kitengo hicho haijulikani sana, na inatuhusu kuliko tunavyodhani. Waraka wa Papa, barua ya pongezi kwa askofu anayetimiza jubilei, hati ya kuanzisha jimbo, hati ya uteuzi inayoonyeshwa kwa waamini siku askofu anapowekwa wakfu: vyote hivyo hupitia kwa wachache wanaojua kukiandika Kilatini, na si kukisoma tu. Rasimu mara nyingi huja kwa Kiitaliano au lugha nyingine ya leo, imejaa maneno ambayo Cicero, mwandishi na msemaji wa Roma ya kale, hakuwahi kuyasikia. Mwandishi anapaswa kuketi na kujiuliza Mrumi angelisemaje jambo hili, kisha aliseme hivyo bila kupunguza maana. Majimbo mengi ya Afrika Mashariki yaliundwa kati ya 1969 na 2009, na hati zake za kuzaliwa ziliandikwa kwa lugha hiyo.

Mfano wake unaoonekana kwa macho upo kwenye mashine ya ATM ya benki ya Vatican. Ukiiendea, na ukachagua Kilatini, inakuandikia: Inserito scidulam quaeso ut faciundam cognoscas rationem. Yaani, tafadhali ingiza kadi ili ujue hatua ya kufuata. Maneno hayo yanasemekana kuwa ya Foster. Watalii huyapiga picha na kucheka, ila mtu aliyekaa na sarufi ataona kitu kingine. Inserito ni amri ya aina waliyoitumia Warumi kwenye sheria zao za kale, amri ya jambo litakalofanyika wakati wake ukifika. Faciundam nayo imeandikwa kwa tahajia ya zamani, ile unayoikuta kwenye maandishi ya sheria kabla ya enzi za makaisari wa Roma. Aliyeandika sentensi ile hakufungua kamusi akabandika neno juu ya neno. Aliichukua mashine kama chombo kinachotoa maagizo, akaipa lugha ya maagizo, na akaongeza quaeso, "tafadhali", ili isije ikaonekana inamfokea mteja. Ukitaka kujua maana ya kuwa mwenyeji wa lugha ambayo hukuzaliwa nayo, iangalie sentensi hiyo yenye maneno saba.

Hata hivyo, kama Foster angebaki ofisini tu, leo angekumbukwa na makatibu wachache. Jina lake lilikua darasani.

Alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana mnamo 1977. Kuanzia 1985 akaongeza kozi ya kiangazi, wiki nane mfululizo, siku sita kwa wiki, bila ada. Hakutaka wanafunzi wakariri majedwali. Wale waliopita seminari ndogo za kwetu miaka ya hamsini na sitini wanayakumbuka vizuri: unasimama, unatiririsha amo, amas, amat hadi mwisho, ukikosea unarudia, na baada ya miaka mitano bado barua moja ya Mtakatifu Augustino inakushinda. Foster aliuona utaratibu huo kuwa ndio uliokiua Kilatini. Kwake, siku ya kwanza mwanafunzi alipewa maandishi halisi: mstari wa Plauto, barua ya Cicero kwa rafiki yake, hotuba ya Papa Leo Mkuu, kipande cha Erasmus. Kamusi moja kubwa, kitabu kimoja cha rejea cha sarufi, na karatasi zake mwenyewe za mazoezi. Basi.

Karatasi hizo alizipa jina la ludi domestici, michezo ya nyumbani, naye aliziandika upya kila mara. Zilijaa mistari myembamba iliyobanana pande zote mbili, na kila zoezi lilitoka katika maandishi ambayo darasa lilikuwa limeyasoma siku ile. Majina ya kitaalamu ya sarufi aliyaweka kando. Hakusema "datifu" wala "ablatifu". Aliyataja maumbo ya nomino kwa kazi yanayofanya katika sentensi, na nyakati za vitenzi akazipa namba tu, wa kwanza hadi wa sita. Mtu aliyezoea Kiswahili anaweza kumwelewa haraka kuliko Mzungu. Sisi tunaunganisha mambo sita ndani ya kitenzi kimoja bila kujua jina la kitaalamu la hata jambo moja, kwa sababu tulijifunza kazi ya kila kipande kabla ya kujifunza jina lake.

Alikuwa mkali. Alipaza sauti darasani, na mvivu hakumwonea haya. Lakini ukali wake ulitoka katika imani moja aliyoirudia maisha yake yote: Kilatini hakikuwa cha watu wenye akili za ajabu. Katika Roma ya kale, alikuwa akisema, kila mlevi na kila kahaba alikizungumza. Kama hao walikimudu, kwa nini kimshinde mtu mzima mwenye kamusi mkononi? Kauli hiyo iliwaudhi baadhi ya watu. Mimi naiona kuwa ndio msingi wa kila alichofanya. Kwa karne nyingi Kilatini kilitumika kama ukuta, upande mmoja waliosoma na upande wa pili wasiosoma, upande mmoja altare na wa pili waamini wakisali rozari zao wakati Misa inaendelea. Foster aliibomoa dhana hiyo kwa kukirudisha kwa mlevi na kahaba waliokuwa wenye lugha.

Siku za mapumziko aliwatoa wanafunzi nje. Tarehe 15 Machi, siku aliyouawa Julius Caesar, waliizunguka Roma wakisoma masimulizi ya mauaji hayo karibu na mahali yalipotokea. Walikwenda Formia, kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Cicero, na Roccasecca alikotokea Tomaso wa Akwino. Walisoma kwa sauti, wakiwa wamesimama juani. Jioni za kiangazi waliotaka zaidi walikaa naye chini ya miti katika bustani ya watawa wenzake. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Walikuja mapadre na watawa, walikuja pia wanafunzi wa historia, Waprotestanti, na watu wasioamini Mungu kabisa. Wote walipewa karatasi zilezile.

Mwaka 2006 Gregoriana ilimwondoa. Sababu iliyotajwa ni kwamba aliruhusu watu wengi mno kuketi darasani bila kulipa.

Nataka kukaa kidogo hapa, maana ndipo moyo wangu unapouma. Upande wa chuo unaeleweka. Chuo kina mishahara, kina umeme, kina sheria za usajili, na mwalimu mmoja akiamua kwamba ada ni hiari, mwanafunzi wa darasa la pili atauliza kwa nini yeye analipa. Uongozi wowote ungesumbuka. Lakini tazama picha nzima. Kwa karibu miaka 45 Kanisa lilikuwa na hati ya Papa inayolilia Kilatini. Maprofesa waliokimudu walikuwa wakizeeka. Halafu akapatikana mwalimu mmoja ambaye watu walivuka bahari kumfuata, na likachaguliwa daftari la malipo. Chuo kilichoanzishwa na Wayesuiti wa karne ya 16 kwa sifa ya kufundisha bure (na hilo si porojo, shule yao ya kwanza Roma ya 1551 ilijitangaza kuwa ya sarufi na ubinadamu, yaani fasihi ya kale, bila malipo) kilimpoteza mwalimu kwa kufundisha bure. Nadhani kosa hilo lilikuwa kubwa, na nadhani lilionyesha waziwazi kwa nini Veterum Sapientia ilishindwa: kutamani lugha idumu ni rahisi, kubeba gharama ya mwalimu wake ndiyo kazi.

Foster hakususa. Akatafuta vyumba karibu na Piazza Venezia, akaendelea kufundisha bure.

Kuna jambo linalowachanganya wengi wanaposikia habari zake. Wanadhani padre anayependa Kilatini kiasi hiki lazima awe mtetezi wa Misa ya zamani, lazi za altareni na enzi za kabla ya Mtaguso. Kwa Foster ilikuwa kinyume kabisa. Vazi la kitawa aliliacha, akawa anavaa nguo za bluu za fundi alizonunua duka la kawaida Marekani, na ndani ya Vatican wapo waliomfananisha na muuza mafuta wa kituo cha petroli. Wazo la kuirudisha Misa ya Kilatini kwa ajili ya kutamani zamani hakulipenda, na alilisema hadharani. Alisema pia mengine mengi hadharani, kwenye vyombo vya habari na mbele ya kamera, mengine ya kuwatia wakubwa wake aibu. Sitamtetea katika kila neno. Mtu aliyepima kila silabi ya barua za Papa angeweza kupima zaidi maneno yake mwenyewe.

Ila katika hili la kutamani zamani alikuwa na hoja nzito, na inawagusa Wakatoliki wa kwetu pia. Siku hizi mtandaoni wapo vijana wanaokitukuza Kilatini kwa kuwa hawakielewi. Kwao ni uvumba wa sauti. Na wapo wanaokichukia kwa sababu hiyohiyo, wakikiita lugha ya wakoloni na siri za mapadre. Pande zote mbili hazijakaa na barua moja ya Cicero akimlilia binti yake Tullia, au mahubiri ya Augustino akiwatania Waafrika wenzake wa Hippo. Ukiisha kuyasoma hayo, utakatifu wa kuigiza unaondoka na chuki nayo inaondoka. Unabaki na watu.

Mwaka 2008 alianguka na kuumia, na 2009 akarudishwa Milwaukee. Angeweza kupumzika. Badala yake, katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akaanza tena kufundisha, bure, kwa yeyote aliyefika. Wanafunzi wake wa zamani waliunda taasisi ya Paideia, ambayo imeendeleza kozi za kiangazi Roma. Na hatimaye, kwa msaada wa mtawa Mbenediktini Daniel McCarthy, mbinu yake ya ufundishaji ilichapishwa kama kitabu mwaka 2016: Ossa Latinitatis Sola, yaani mifupa mitupu ya Kilatini. Kitabu cha pili, kuhusu barua za Cicero, kilitoka 2021, mwenyewe ameshazikwa. Mtu aliyefundisha karibu miaka 40 akichapisha kitabu chake kikubwa cha kwanza akiwa na miaka 76! Vyuo vikuu vya leo, vinavyohesabu machapisho kabla ya kumtazama mwalimu darasani, visingempandisha cheo.

Wakati huo Roma haikuacha kutoa hati. Novemba 2012 Papa Benedikto XVI aliunda Akademia ya Kipapa ya Kilatini. Miezi mitatu baadaye, tarehe 11 Februari 2013, alitangaza kujiuzulu kwa Kilatini mbele ya makardinali, na mwandishi wa shirika la habari la ANSA, Giovanna Chirri, aliwatangulia wenzake wote duniani kwa sababu alielewa kilichosemwa. Alikuwa amekisoma shuleni. Mwaka 2014, Papa Fransisko akaweka Kiitaliano mahali pa Kilatini kama lugha rasmi ya Sinodi ya Maaskofu. Kwa upande mwingine, Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 249, inataka hadi leo kila mseminari akifahamu Kilatini vizuri. Neno lenyewe ni "vizuri". Waulize magombera, yaani wakuu, wa seminari zetu ni mafrateri wangapi wanaofikia hapo.

Kwetu suala hili lina uzito wake wa pekee. Mapadre wa kwanza wa Uganda, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, waliopewa daraja mwaka 1913, walipita miaka mingi ya Kilatini kabla ya kufika altareni, na vizazi vilivyofuata vya seminari za Katigondo, Rubya na Kipalapala vikapita njia hiyohiyo. Zaidi ya hapo kuna vitabu vya ubatizo. Katika misioni nyingi za zamani, jina la babu wa babu yako liliandikwa kwa mara ya kwanza kwenye karatasi kwa Kilatini: anno Domini, mwaka fulani, ego, mimi fulani, baptizavi, nimembatiza, mtoto wa fulani na fulani. Pembeni kuna maelezo ya ndoa, ya vifo, mara nyingine ya mtu kutoroka au kurudi. Mwanahistoria anayetaka kujua jinsi watu wa ukanda wetu walivyoishi miaka ile atalazimika kuvifungua. Vitabu hivyo vinaliwa na mchwa na unyevu, na wanaoweza kuvisoma bila kubahatisha wanapungua kila mwaka.

Najua jibu linalokuja: tuna mambo ya haraka zaidi, seminari hazina fedha, na Kiswahili chenyewe bado hakijapata walimu wa kutosha. Hilo la mwisho nalikubali kwa uchungu. Tumepata Siku ya Kiswahili Duniani kutoka UNESCO, 7 Julai, iliyotangazwa 2021, na Umoja wa Afrika ukakipokea kama lugha ya kazi mwaka uliofuata. Tulishangilia. Yafaa tujue kwamba Kilatini nacho kilishapewa hati nzuri sana.

Ndiyo maana sipendekezi kila frateri alazimishwe kurudi kwenye majedwali. Hilo lilijaribiwa, na waliolipitia wengi walitoka na chuki. Maaskofu wa nchi zetu wakikaa pamoja, wangeweza kuchagua mapadre wawili au watatu vijana, pamoja na watawa wa kike na walei wenye hamu, wakawapa miaka minne kamili ya kusoma na si cheti cha wiki sita. Wakirudi, wasipewe ukatibu wa jimbo wala uhasibu wa seminari. Wapewe chumba, kamusi, nakala za vitabu vya ubatizo vya misioni za zamani, na ruhusa ya kumpokea yeyote atakayebisha hodi, mwenye ada na asiye nayo.